Mbega na Mdudu wa Buba: Nani Aokolewe, Nani Amalizwe?



Katika semina moja ya vikundi kando ya Mto Tana, baada ya chai ya saa nne, tulikuwa tukieleza habari za mbega mwekundu na sababu za kuuacha msitu wa ukingoni usimame. Mzee mmoja, mweka hazina wa kikundi cha mitumbwi, akainua mkono. Alikuwa amesikia redioni kwamba nyani na kima wa Tanzania wamepatikana na mdudu wa buba. "Sasa nyinyi watu wa kanisa," akasema, "mdudu mnasema amalizwe duniani, na mbega mnasema aokolewe. Wote wawili si viumbe vya Mungu? Tena kama mdudu huyo anakaa kwa hao hao jamii ya nyani, si tuwamalize wote kwa panga moja?"

Watu walicheka sana. Mama mmoja akaongeza lake: je, Nuhu alimbeba mdudu wa buba katika safina, na kama alimbeba, alimweka kwa nani? Hata sisi tulicheka. Lakini jibu tulilotoa siku ile lilikuwa la haraka haraka na halikumtosha mzee. Tuliliona jambo hilo usoni pake. Swali lake si la mzaha. Kuna mahali ambapo shoka litaingia msituni au halitaingia kulingana na jibu lake. Kwa hivyo tumekwenda tukasoma na kuuliza wanaojua, na hapa tunajaribu tena.

Tuanze na mbega, kwa sababu huyo wengi wetu tumemwona kwa macho. Mbega mwekundu wa Tana haishi mahali pengine popote duniani. Makao yake ni vipande vya msitu kando ya mto wetu, kati ya Nkanjonja na Mitapani, sehemu isiyozidi kilomita 60 hivi. Hana kidole gumba, na hilo halimsumbui, maana hushika matawi kwa vidole vinne kama ndoano. Chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Jike huzaa mtoto mmoja, na huchukua kama miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Hesabu iliyofanywa mwaka 1994 ilikadiria mbega 1,100 hadi 1,300, na tangu hapo idadi imeendelea kushuka. Yaani mbega wote wa aina hiyo walioko duniani wangeweza kuketi katika uwanja wa shule moja ya msingi.

Jirani yake ni yule kima mwenye kishungi kichwani ambaye wataalamu humwita mangabe wa Mto Tana. Naye pia hapatikani kwingine. Huyo hushuka chini kutafuta chakula, na tunda analolitegemea sana ni la mkindu. Akina mama wasuka mikeka watatuelewa tukisema kwamba wao na mangabe wanagombea mti mmoja. Tutalirudia jambo hilo.

Sasa mdudu. Vijana wengi hawajamwona mtu mwenye buba, lakini waulizeni nyanya zenu. Mtoto hupata mkwaruzo mguuni, kisha pale panaota uvimbe wenye vichwa vichwa, unaotoa maji. Huo ukipona, vingine hutokea mwilini, hata kwenye nyayo, na mtoto hutembea kwa kukanyaga kando kando kwa maumivu. Asipotibiwa, baada ya miaka ugonjwa unaweza kula mifupa ya mguu au ya pua. Hauui mara nyingi, ila huacha kilema. Huenda kwa ngozi kugusa ngozi, mtoto kwa mtoto, katika michezo na katika kulala pamoja, hasa mahali penye joto na unyevu na sabuni haba.

Anayeleta haya yote ni bakteria mwembamba aliyejisokota kama waya wa springi, asiyeonekana bila darubini. Alitambuliwa mwaka 1905 huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na daktari Mwitaliano, Aldo Castellani. Ni ndugu wa karibu mno wa mdudu wa kaswende, hata vipimo vya damu vya kawaida haviwezi kuwatenganisha. (Kwa hivyo akina baba, mama mzee akipimwa damu na kuambiwa ana dalili za kaswende, msikimbilie kuvunja nyumba. Huenda alipata buba akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na buba haiambukizwi kwa zinaa.)

Zamani buba ilijaa sehemu nyingi za nchi yetu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizunguka na sindano za kuitibu, na inasemekana mapenzi ya watu wetu kwa sindano yalianzia hapo: mtu anachomwa leo, baada ya siku chache vidonda vimekauka. Halafu ikaja penisilini. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walipita katika nchi 46 na kutibu watu kama milioni 50, na buba ikapungua kwa asilimia 95 hivi. Kazi ilikuwa karibu kwisha. Kisha watu wakaona imetosha, fedha zikaenda kwingine, na mdudu aliyebaki pembeni akaanza kurudi taratibu, hasa Afrika Magharibi na ya Kati, Indonesia na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2012 iligunduliwa huko Papua New Guinea kwamba vidonge vya azithromaisini, dozi moja tu ya kumeza, vinaponya sawa na sindano. Nia ya kummaliza kabisa ikafufuka. India ilitangazwa kuwa haina buba tena mwaka 2016, na sasa lengo la dunia ni mwaka 2030.

Hapa ndipo swali la mzee linapokaza. Viumbe wawili, wote wamebanwa, wote wamepungua. Mmoja tunamwekea zahanati na vidonge ili atoweke. Mwingine tunamwekea walinzi na semina ili asitoweke. Je, ni kwa sababu mmoja ana macho mazuri na manyoya, na mwingine haonekani? Tukisema kweli, kidogo ndiyo. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Katika fungu la 34 anaeleza kwamba sisi hushtuka mnyama au ndege akitoweka kwa vile tunamwona, lakini dunia huendeshwa pia na kuvu, minyoo, wadudu na vijidudu visivyohesabika. Kwa hivyo udogo si dhambi. Na jina bakteria pia si dhambi.

Mfano uko tumboni mwa mbega mwenyewe. Majani anayokula ni magumu, mengine yana sumu kidogo. Tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe, na ndani ya vyumba hivyo wamejaa bakteria wanaochachua majani mpaka yawe chakula. Bila hao angekufa njaa huku tumbo limejaa. Ndiyo maana hapendi matunda matamu yaliyoiva: sukari nyingi hulichafua tumbo lake, kama ng'ombe aliyeingia kwenye ghala la mahindi. Kwa hiyo mbega anaokoka kwa bakteria, na mtu akitaka kumwokoa mbega anawaokoa hao pia bila kujua.

Basi tofauti iko wapi? Sisi tumeiona katika mambo mawili.

La kwanza ni kile ambacho kila mmoja anadai ili aishi. Bakteria wa buba hawezi kuishi kwenye udongo, wala majini, wala juu ya meza. Akitoka kwenye mwili hufa upesi. Nyumba yake ni ngozi yenye uhai, na akikaa kwa binadamu, nyumba hiyo kwa kawaida ni ngozi ya mtoto, tena mtoto wa maskini aliye mbali na barabara. Mbega naye ana nyumba moja tu, lakini nyumba hiyo ni mkuyu na miti mingine ya ukingoni. Anachodai kwetu ni nafasi, na nafasi tunaweza kuzungumza habari zake. Mguu wa mtoto hatuwezi kuupatanisha.

La pili ni hesabu, na hili tulilichora ubaoni katika semina iliyofuata. Bakteria huyu ni mvivu kuliko wengi wa aina yake, hata hivyo hujigawa mara moja katika kila saa 30 hivi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Kama hakuna wanaokufa, baada ya siku 30 yule mmoja amekuwa zaidi ya milioni 16. Kwa mwezi huo huo mbega jike hajamaliza hata kunyonyesha. Ukiacha bakteria wachache kijijini, baada ya muda una ugonjwa tena, kama ilivyotokea baada ya 1964. Ukiacha mbega wachache katika kipande cha msitu kilichokatwa pande zote, mara nyingi huna kitu. Wanazeeka, wanazaana ndugu kwa ndugu, mafuriko makubwa au moto mmoja unawamaliza. Zaidi ya hayo, mbega wekundu hawafugiki vizuri katika bustani za wanyama, kwa hiyo hakuna akiba mahali. Bakteria wa buba wamewekwa katika maabara, na urithi wao wote umesomwa herufi kwa herufi. Hata kirusi cha ndui, ugonjwa uliotangazwa kumalizwa mwaka 1980, bado kimefungiwa katika maabara mbili, Marekani na Urusi. Kwa hivyo neno "kumaliza" halina maana moja kwa hao wawili. Buba ikiisha vijijini, mdudu wake bado ataweza kusomwa. Msitu wa Tana ukiisha, mbega ameisha.

Mzee alisikiliza yote hayo, akasema vizuri, lakini hamjajibu habari ya panga. Ni kweli.

Aliyosikia redioni si uvumi. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watafiti walipima kima na nyani 289 katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Walikuta dalili za mdudu huyo kwa nyani wa aina mbili, kwa tumbili na kwa kima. Katika Ziwa Manyara nyani walionekana na vidonda vibaya sehemu za siri. Huko Afrika Magharibi amepatikana kwa tumbili wa Senegal na Gambia, na kwa mangabe wa msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire, ambaye ni wa ukoo mmoja na mangabe wetu. Mdudu aliyetolewa kwa nyani wa Guinea miaka ya 1960 aliposomwa urithi wake mwaka 2013, alikutwa karibu sawa na yule wa binadamu. Mbega mwekundu hayumo katika orodha ya wale wa Tanzania waliotajwa, lakini hatutaki kujificha nyuma ya hilo. Nyani wa manjano yumo, na huyo ndiye anayetuibia mahindi hapa Tana.

Hata hivyo, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa kwamba aliambukizwa buba na nyani wa mwituni. Mtoto anayepata buba huipata kwa mtoto mwenzake. Ukiua nyani wote wa kijiji na kuacha mtoto mmoja bila dawa, buba ipo. Ukitibu watoto wote na kuacha nyani msituni, umeondoa ule mlango unaojulikana kuwa wazi. Tena anayekwenda kuua nyani ndiye anayeshika damu yake na vidonda vyake kwa mikono. Na msitu ukikatwa, nyani hahamii mbinguni, anahamia shambani.

Wafugaji waliokuwapo walitupatia mfano bora kuliko wetu, wa sotoka. Ugonjwa ule uliangamiza ng'ombe wa Afrika kuanzia mwisho wa karne ya 19, na nyati na wanyama wengine wa porini waliupata pia. Wako waliosema nyati ndio maskani ya ugonjwa, wauawe. Kumbe nyati walikuwa wakiupata kutoka kwa ng'ombe. Ng'ombe walipochanjwa nchi baada ya nchi, ugonjwa ulikosa pa kukaa. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilikuwa cha nyati, hapa hapa Kenya, katika mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa imekwisha, na nyati wa Meru bado wako. Sotoka ni kirusi na buba ni bakteria, hatusemi ni kitu kimoja. Tunachosema ni kwamba wakati ule panga halikuhitajika, sindano ya ng'ombe ilitosha.

Kuna jambo jingine ambalo si haki kulipita. Watu wa Tana wana sababu ya kusikia neno "mbega" na kukunja uso. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1976, na wengi waliona mashamba ya baba zao yamekuwa ya wanyama. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa wa wahisani ambao ndani yake mlikuwa na mpango wa kuhamisha familia. Uchungu wake haujaisha. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi ile haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Wakati huo huo anayekausha msitu si mkulima peke yake. Mabwawa ya umeme huko juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 mpaka Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamepunguza yale mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakilowesha ukingo na kuotesha miti michanga. Taa zinawaka Nairobi, na anayeambiwa asikate mti ni mama wa Tana. Tukiwaambia watu watunze mbega bila kuyasema haya, tunawadanganya.

Pamoja na hayo, msitu ule si wa mbega peke yake. Unashika ukingo usiliwe na mto, unatoa mbao za mitumbwi, asali, dawa na ukindu. Ndiyo maana tulizungumza na vikundi habari za kazi, si za huruma.

Kikundi cha mikeka kilikubali jambo moja la ukindu: kukata makuti ya pembeni tu na kuuacha moyo wa mkindu, maana moyo ukikatwa shina hilo limekufa, na mwakani hakuna mkeka wala tunda la mangabe. Wagema tembo walinung'unika, tukaachana hapo. Hatukushinda kila kitu. Wakulima watatu walikubali kuacha ukanda wa miti kati ya mashamba yao, ili mbega apite kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine bila kukanyaga chini. Tulipendekeza hatua thelathini kutoka ukingoni, wao wakasema kumi na tano. Tuliandika kumi na tano.

Kuhusu afya tulikubaliana hivi. Mtoto mwenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili apelekwe dispensari, hata kama ni kidogo, na mama aseme wazi kama mtoto mwingine nyumbani ana kidonda kama hicho. Nguo na taulo za mwenye kidonda zifuliwe mbali. Mtu asimeze vidonge alivyobakiza jirani. Huko Papua New Guinea tayari wamewaona bakteria wa buba wasiosikia azithromaisini. Nyani au kima aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu, asichunwe, asiliwe, na watoto wasimchezee. Afisa wa wanyamapori aarifiwe. Na nyani anayeingia shambani afukuzwe kwa zamu za ulinzi kama tulivyozoea. Zamu hizo ni kazi ya kikundi, zisiachiwe watoto wanaotakiwa kuwa shuleni.

Mzee wetu wa mitumbwi alituuliza mwishoni kama tuna miche ya mkuyu. Tulimpa kumi na miwili. Tulipopita tena baada ya mvua, mbuzi walikuwa wamekula mitano, na saba ilikuwa imezungushiwa miba. Anataka mingine ishirini, na ameomba ije kabla ya mvua za vuli. Kikundi chochote chenye kitalu cha mikuyu na miche ya ziada kitume habari ofisini kwetu, au kwa katekista wa kigango.